Goti Chini, Vumbi Kwanza

Picha inayowasumbua vijana wengi wa pikipiki ni ile ya dereva wa mashindano akiwa katikati ya kona. Pikipiki imelala mpaka unashangaa imebakije juu ya magurudumu yake. Tako moja liko nje ya kiti, goti la ndani linakwaruza lami, kichwa kimetangulia upande kona inakoelekea. Vijana wa vijiwe vya Tabora mjini, na wale wanaopeleka abiria Kipalapala na vijiji vya jirani, wanaitazama kwenye simu zao wakisubiri wateja. Swali lao ni la haki kabisa: hili linafanywaje, na je, mimi naliweza?

Unaliweza. Mtu yeyote mwenye afya, subira na mahali salama pa kufanyia mazoezi anaweza kujifunza kulaza pikipiki hadi goti likaguse chini. Ila safari hiyo haianzii kwenye lami. Inaanzia kwenye vumbi, na katika jambo hilo dereva wa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, ana mali ambayo wenzake wa miji mikubwa wanailipia fedha.

Ushahidi wa maneno haya ni mtu aliyeifanya picha ile iwe maarufu duniani. Kwa miongo mingi madereva wa mbio za pikipiki walikaa katikati ya kiti, magoti yamebana tanki, mwili na pikipiki vikiinama pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachache walianza kutoka nje ya kiti. Mmoja wao alikuwa Jarno Saarinen wa Finland, kijana aliyekulia kwenye mbio za pikipiki juu ya barafu, akawa bingwa wa dunia wa daraja la cc 250 mwaka 1972, kisha akafa katika ajali ya Monza, Italia, tarehe 20 Mei 1973. Halafu akaja mtu mwenyewe, Kenny Roberts kutoka Modesto, California. Mwaka 1978 aliingia mashindano ya dunia ya daraja la 500 na kuutwaa ubingwa, akaushika tena mwaka 1979 na 1980. Goti lake lilikuwa chini karibu kila kona, na katika siku zile za mwanzo alizungushia mkanda wa gundi gotini ili ngozi ya suti isitoboke. Vile vibao vya plastiki vinavyobandikwa magotini leo vilikuja baadaye.

Roberts aliutoa wapi ujuzi huo? Aliutoa kwenye udongo. Kabla ya kwenda Ulaya alikuwa bingwa wa Marekani mwaka 1973 na 1974, katika mfululizo ambao mbio zake nyingi zilikimbiwa kwenye viwanja vya udongo vya mviringo. Huko pikipiki huingia kona tairi la nyuma likiteleza, na dereva hushusha mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma ili autelezeshe juu ya ardhi. Mtu aliyezoea tairi kuteleza chini yake kwa miaka hatishiki pale linapoanza kuteleza kwenye lami. Analijua tangu linapoanza kunong'ona. Ndiyo maana hata mabingwa wa kizazi hiki wanarudi vumbini kufanya mazoezi: Valentino Rossi alijenga uwanja wake wa udongo karibu na kijiji chao cha Tavullia, Italia, na Marc Márquez wa Hispania amekuwa akifanya mazoezi ya aina hiyo hiyo tangu ujana wake.

Wala Afrika si mgeni katika mchezo huu. Brad Binder wa Potchefstroom, Afrika Kusini, alikuwa bingwa wa dunia wa Moto3 mwaka 2016, na tarehe 9 Agosti 2020 huko Brno, Jamhuri ya Czech, akawa mwana wa nchi yake wa kwanza kushinda mbio za MotoGP, daraja la juu kabisa la mchezo huu. Mwaka 2023 alipimwa pale Mugello, Italia, akienda kilomita 366.1 kwa saa. Nalitaja jina lake ili kijana wa Tabora asidhani mambo haya yana rangi au bara.

Sasa turudi nyumbani. Kipalapala iko kusini mwa mji wa Tabora. Wengi wanaijua kwa Seminari Kuu yake, na waliopenda kusoma wanaikumbuka kwa vitabu vilivyopigwa chapa na kiwanda cha TMP. Si mbali na hapo ndipo Kwihara, ambako Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872 baada ya kutoka Ujiji. Nchi hii yote ilikuwa moyo wa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa mmoja nyuma ya mwingine, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele, pembe za ndovu na marobota ya vitambaa mabegani, kwenye njia nyembamba iliyojipinda kila mahali. Mti ukianguka hakuna aliyeshusha mzigo ili autoe. Waliuzunguka, na mzunguko ule ukabaki njia hata baada ya mti kuoza. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilinyoosha mstari wake, lakini vijia vya kwenda mashambani, visimani na mizingani vinaendelea kuzunguka miti, vichuguu na mashamba ya tumbaku. Pikipiki ndiyo iliyovirithi. Tangu serikali ilipoweka kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo mwaka 2010, mtu anayetoka kijijini kwenda hospitali, sokoni au kituo cha treni anapita vijia hivyo nyuma ya bodaboda.

Kwa hiyo dereva wa hapa anakata kona siku nzima: kona za mchanga laini wakati wa kiangazi, kona za udongo mweusi wa mbuga unaonata na kuteleza wakati wa mvua, kona za changarawe, na sasa kona za lami ambayo pembeni yake kila njia ya vumbi inamwaga mchanga. Hiyo ni shule. Tatizo ni kwamba wengi wameisoma bila mwalimu, na yale waliyoyakosea wameyazoea.

Kabla ya kusema mwili ukaeje, lazima tuelewe kwa nini pikipiki inainama hata kidogo. Gari lina magurudumu pembeni ya kulizuia lisipinduke. Pikipiki haina. Ikigeuka huku imesimama wima, nguvu ya mwendo wake itaitupa nje ya kona. Inabidi iinamie ndani kiasi kwamba uzito unaoivuta chini na nguvu inayoisukuma nje vikutane sawasawa kwenye mstari wa matairi. Mwinamo huo unategemea mambo mawili tu, yaani mwendo na ukali wa kona. Uzito wa dereva hauubadilishi. Mtu wa kilo 50 na mtu wa kilo 100, kwenye kona moja na mwendo mmoja, wanahitaji mwinamo uleule.

Chukua kona ya kawaida yenye nusu kipenyo cha mita 20, kama ile unayoikuta barabara inapoacha kijiji na kuzunguka bonde dogo. Ukiipita kwa kilomita 30 kwa saa, mwinamo unaohitajika ni kama digrii 20. Kwa kilomita 40 ni digrii 32. Kwa kilomita 50 ni karibu digrii 45. Tazama vizuri: umeongeza kilomita 20 tu kwenye mshale, mwinamo ukazidi mara mbili. Sababu yake ni kwamba nguvu inayokutupa nje inakua kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Hili ndilo linaloua watu wengi wazuri, wenye mikono mizuri, waliodhani kuongeza kidogo ni kuongeza kidogo.

Halafu kuna mshiko wa tairi. Lami kavu na safi inaweza kulishikilia tairi zuri kwa nguvu inayokaribia uzito wote wa pikipiki na aliye juu yake. Kwa hiyo digrii 45 kwenye lami safi ziko ukingoni mwa kinachowezekana kwa tairi za kawaida. Weka mchanga juu ya lami hiyo, hata tabaka jembamba lisiloonekana kwa mbali, na mshiko unaweza kushuka hadi theluthi moja au chini yake. Pale pale, kwenye kona ileile ya mita 20, mwendo wa juu unaoruhusiwa na ardhi unakuwa chini ya kilomita 30 kwa saa. Dereva aliyezoea kuipita kwa 40 wakati wa asubuhi atafika jioni, baada ya mkokoteni au kundi la ng'ombe kuvuka na kuacha mchanga, na ataanguka bila kuelewa alichokosea. Hakukosea mkono. Alikosea macho.

Hata matajiri wa mchezo huu wanapigana na mchanga. Uwanja wa Lusail nchini Qatar, ulioanza kupokea mashindano ya dunia mwaka 2004, uko kando ya jangwa. Waliuzungushia nyasi bandia ili kuzuia mchanga usiingie njiani, na bado madereva hulalamika kila upepo unapovuma usiku. Kama mchanga unawatisha watu wenye tairi za moto zilizotengenezwa kwa ajili ya siku moja, basi sisi wenye tairi lililotembea miezi tunapaswa kuuheshimu zaidi.

Mshiko ni mmoja, na kazi zinaugombania. Mama anapogawa kilo moja ya unga kati ya chungu cha mchana na cha usiku, anachozidisha huku kinapungua kule. Ndivyo tairi linavyogawa mshiko kati ya breki na kona. Ukishika breki ya mbele kwa nguvu huku umelala, tairi la mbele halina cha kulipia kona. Litatoroka, na litatoroka ghafla. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kila mwalimu wa kona, awe wa Monza au wa Kipalapala, ni kumaliza breki na kushusha gia kabla pikipiki haijaanza kuinama. Ndani ya kona, mkono wa kulia unabaki na mafuta kidogo tu, yanayoongezeka polepole kadiri kona inavyofunguka.

Sheria ya pili inawashangaza wengi. Pikipiki haigeuzwi kwa kuelekeza usukani upande unakokwenda, isipokuwa kwa mwendo wa miguu. Ukitaka kwenda kushoto ukiwa kwenye kilomita 30 au zaidi, unausukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani. Gurudumu la mbele linaangalia kulia kwa kitambo kidogo sana, pikipiki inaanguka kushoto, na kona inaanza. Wilbur Wright, yule fundi wa baiskeli aliyeunda ndege pamoja na ndugu yake, aliwahi kueleza kwamba waendesha baiskeli wengi aliowauliza hawakujua kuwa wanafanya hivyo, ingawa walikuwa wakifanya kila siku. Dereva wa bodaboda naye anafanya bila kujua. Tofauti inakuja siku ya hatari. Anayejua anasukuma kwa makusudi na pikipiki inainama zaidi. Asiyejua anakaza mikono, anaogopa, na pikipiki inakwenda moja kwa moja kwenye mtaro.

Sasa vumbi. Tafuta uwanja wa udongo ulio tambarare, mbali na watoto na mifugo, ambao mwenyewe amekuruhusu. Weka matairi manne chakavu kufanya mviringo mrefu. Vaa viatu vinavyofunika vifundo, suruali nzito, glavu na kofia ngumu. Kandambili ziache nyumbani. Pikipiki yoyote ya kazi inatosha, iwe Boxer au TVS, mradi breki zinashika, cheni haijalegea na matairi hayana kipara. Usiwe na abiria wala mzigo.

Kwenye udongo mwili unakaa kinyume kabisa na ile picha ya kwenye simu, na hapa ndipo waigaji wanapoumia. Juu ya ardhi inayoteleza unailaza pikipiki chini yako, wewe unabaki wima. Unasogea mbele hadi karibu na tanki, kiwiko cha nje kinapanda juu, uzito wako unakandamiza kikanyagio cha nje, na mguu wa ndani unanyooshwa mbele, kando ya gurudumu, tayari kugusa ardhi. Sababu yake ni rahisi. Tairi likiteleza ukiwa juu yake, pikipiki inasogea chini yako nawe unabaki na nafasi ya kuirudisha. Likiteleza ukiwa umening'inia ndani, unakuwa chini yake.

Anza kwa gia ya pili, mwendo wa baiskeli, ukizunguka kushoto mpaka mabega yalegee, kisha kulia. Karibu kila mtu ana upande mmoja anaouogopa, na ndio upande wa kuufanyia kazi zaidi. Macho yasitazame tairi chakavu lililo mbele yako. Yatazame lile linalofuata. Mwili unakwenda macho yanakokwenda, na hii si methali, ni jinsi mikono inavyofanya kazi. Ukishazoea, ongeza mafuta kidogo zaidi wakati wa kutoka kona mpaka usikie tairi la nyuma linasogea upande. Usiachie mafuta kwa ghafla. Yashikilie pale pale. Tairi litateleza kidogo, kisha litashika. Siku utakapolisikia hilo bila moyo kukuruka, umepata kile Roberts alichotoka nacho Modesto. Wengine wanakipata kwa wiki chache, wengine kwa msimu mzima wa kiangazi. Hakuna haraka. Mazoezi haya ya vumbini, nasema kwa uhakika, yanaokoa maisha mengi zaidi kuliko goti lolote kwenye lami, na dereva atakayeishia hapo asijione ameshindwa.

Anayetaka kuendelea anahitaji lami iliyofungwa. Naomba neno hilo lieleweke: iliyofungwa. Uwanja mpana wa lami wa mtu au taasisi iliyotoa ruhusa, uliofagiliwa, usio na nguzo, kingo wala mifereji karibu, na mtu wa pili akiwepo ambaye anajua kutoa huduma ya kwanza. Barabara ya kwenda Kipalapala si lami iliyofungwa, hata saa kumi na moja alfajiri.

Kwenye lami safi mwili unageuza kanuni. Hapa mshiko upo, na kinachokosekana ni nafasi kati ya pikipiki na ardhi. Ukiuhamishia mwili wako ndani ya kona, uzito wenu wa pamoja unasogea ndani, na pikipiki yenyewe inaweza kusimama wima zaidi kwa mwendo uleule. Tairi linabaki kwenye sehemu yake nene, vikanyagio vinabaki juu ya ardhi, na dereva anakuwa na akiba. Hiyo ndiyo kazi ya kuning'inia. Goti halifanyi kazi hiyo, goti linapima. Likigusa mahali palepale kila mzunguko, dereva anajua ameinama kiasi kilekile. Likigusa mapema kuliko kawaida, anajua ameinama kupita kiasi au ardhi imebadilika. Madereva wa MotoGP leo wanainama zaidi ya digrii 60 na wanagusa hadi kiwiko, lakini hakuna anayepewa pointi kwa goti.

Anza pikipiki ikiwa imesimama, mwenzako akiishika wima kwa nguvu. Weka sehemu ya mbele ya wayo juu ya kikanyagio cha ndani, si katikati ya wayo, ili kifundo kiweze kuzunguka. Sogeza tako la ndani nje ya kiti, nusu yake tu. Goti la nje libane tanki kiasi kwamba unaweza kuachia mikono yote miwili bila kuanguka, na jaribu kweli kuiachia. Kama huwezi, basi unaning'inia kwa usukani, na usukani ulioning'iniwa hauwezi kugeuka kwa utulivu. Kisha shusha kifua karibu na tanki, kiwiko cha ndani kikiwa kimekunjwa na kimeelekea chini, na peleka kidevu upande wa kioo cha ndani. Mwisho kabisa lifungue goti la ndani lielekee nje na mbele. Rudia hadi mapaja yaume. Wanaoanza hufanya kosa la kutoa tako nje huku kichwa kikibaki katikati. Mwili unapinda kama upinde, na uzito haujahama hata kidogo. Kichwa na mabega ndivyo vizito. Vikihama, vingine vinafuata.

Halafu washa injini. Zunguka mduara mmoja mpana kwa mwendo usiobadilika, matairi yakiwa yameshapata joto na upepo wake ukiwa sahihi. Kaa kwenye mkao wako kabla ya kuingia, si ndani ya kona. Kuhama tako wakati umelala kunaitikisa pikipiki. Ongeza mwendo kidogo kidogo, acha mduara uamue mwinamo. Usilitafute goti chini kwa kuunyoosha mguu. Anayelitafuta anasahau mafuta, anasahau macho, na mguu ulionyooka ukigonga kitu unavunjika. Litakuja lenyewe, na likija litatoa mlio mfupi wa plastiki juu ya lami. Usilikandamize. Usilitazame. Inua pikipiki taratibu, toka kwenye mduara, pumzika, kisha urudie ili ujue hukubahatisha.

Kuna jambo moja la vyombo ambalo lazima lisemwe bila kuzunguka. Pikipiki za kazi za Tabora hazikuundwa kwa goti. Tairi la nyuma la Boxer 150 lina upana wa inchi tatu. Rimu yake ni ya inchi 17, sawa na rimu ya MotoGP, lakini tairi la mashindano la lami kavu lina upana zaidi ya mara mbili ya hilo na halina hata mfereji mmoja juu yake. Vikanyagio vya Boxer viko chini, stendi ya katikati iko chini zaidi, na wengi wamefunga vyuma vya kukinga miguu vinavyochomoza pembeni. Kabla goti halijafika, kimojawapo cha vyuma hivyo kitakuwa kimegusa lami. Kikiwa ni kikanyagio kinachokunjika, utasikia mkwaruzo na utaonywa. Kikiwa ni chuma kisichokunjika, kitalinyanyua tairi kutoka ardhini, na hapo hakuna ujuzi unaosaidia. Goti kamili linahitaji pikipiki ya aina nyingine, yenye vikanyagio vya juu na matairi ya mshiko, pamoja na suti ya ngozi yenye kinga za mabega, viwiko, mgongo na magoti. Ni gharama kubwa. Asiyeweza kuimudu afanye mazoezi ya mkao tu, kwa mwendo wa chini, na atakuwa amepata sehemu kubwa ya faida.

Faida hiyo inaingia barabarani kwa sura nyingine. Dereva aliyefunzwa akikaribia kona ya lami kutoka Tabora kwenda Kipalapala hatoi goti. Anatazama mwisho wa kona, anapunguza mwendo mapema, anasogeza kichwa na bega la ndani kidogo tu, anausukuma usukani polepole, na pikipiki inapita ikiwa imeinama kidogo kuliko ya mwenzake. Abiria nyuma yake hasikii chochote, na ndivyo inavyotakiwa. Huyo abiria, kumbuka, amekaa juu kuliko dereva na hana usukani wa kushika. Akishtuka na kuegemea nje wakati wewe unaegemea ndani, kona yako imeharibika. Mama mwenye mtoto mgongoni akikuambia, "Mwanangu, polepole," hakudharau ujuzi wako. Anakupa taarifa ya mzigo ulioubeba. Ukipakia watu wawili au watatu kwa mtindo wa mishkaki, tairi la nyuma limebebeshwa, la mbele limekuwa jepesi, na gurudumu jepesi la mbele ndilo lile lisilogeuka unapoliamuru.

Na kwa kuwa nchini mwetu tunapita kushoto, kila upande wa kona una hatari yake. Kona ya kushoto ina mchanga ukingoni, na anayeukwepa kwa kupanuka anajikuta upande wa lori la tumbaku linalokuja. Kona ya kulia ni mbaya zaidi kwa anayeiga picha za simu: matairi yake yanaweza kuwa ndani ya mstari, lakini kichwa, bega na goti vimevuka kati na viko kwenye njia ya gari linalokuja. Hapo ndipo ninapokataa kabisa goti la barabarani. Hata dereva hodari hawezi kujua nani anatokea upande wa pili wa miembe.

Nimalizie kwa ombi kwa wenye uwezo wa kulitimiza. Manispaa ya Tabora, chuo cha VETA, viongozi wa vijiwe, na nyinyi wenye ardhi Kipalapala: tengeni uwanja mmoja wa udongo. Mita mia kwa hamsini zinatosha. Wekeni matairi chakavu manne, tangi la maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza na mwalimu mmoja anayekuja Jumamosi asubuhi. Kila kijana anayeomba leseni ya pikipiki azunguke pale kushoto na kulia mpaka tairi la nyuma limtelezee na alidhibiti, kabla hajampakia binadamu. Ardhi ipo, vumbi lipo, pikipiki zipo, na vijana wanataka kujifunza.